Hewa Njema na Hewa Mbaya katika "Kisiwa chenye Hazina"

Kiswahili kina neno mkunguru, nalo ni ugonjwa umpatao mgeni aingiapo katika nchi ambayo hewa yake, maji yake au chakula chake hajavizoea. Neno hili ladhani kwamba kila mtu ana kwao, na kwamba huko kwao mwili wake umetulia. Robert Louis Stevenson, Mskoti ambaye hadithi yake mashuhuri ilitolewa kwa Kiswahili mwaka wa 1929 kwa jina la "Kisiwa chenye Hazina", alikuwa na mkunguru wa kinyume. Alizaliwa Edinburgh tarehe 13 Novemba 1850, na hewa ya mji ule ule wa kwao, yenye baridi, ukungu na moshi wa makaa, ndiyo iliyomkataa tangu utotoni. Ili apumue ilimpasa awe mgeni.

Alikuwa akikohoa, akishikwa na homa, na ukubwani akitokwa na damu mapafuni. Madaktari wa baadaye wamebishana kama ulikuwa kifua kikuu au ugonjwa mwingine wa mapafu. Katika siku zake ubishi huo usingalimfaa kitu. Robert Koch alitangaza habari za vijidudu vya kifua kikuu huko Berlin tarehe 24 Machi 1882, na dawa ya streptomisini haikupatikana mpaka miaka ya 1940. Shauri kubwa la tabibu lilikuwa kubadili hewa. Basi Stevenson akahama na kuhama: Davos katika milima ya Uswisi, Hyères kusini ya Ufaransa, Bournemouth, Saranac Lake huko Marekani, na mwisho Samoa, alikofariki tarehe 3 Desemba 1894. Kilichomwua hakikuwa kifua bali damu iliyovuja ubongoni.

Wako wasomaji wanaodhani kwamba hadithi zake kwa watoto zilikuwa mchezo wa kumsahaulisha mgonjwa maradhi yake, na kwamba ugonjwa ulibaki nje ya mlango. Maandishi yenyewe hayakubali dhana hiyo. Kitabu kilianzwa Braemar, katika vilima vya Uskoti, mwishoni mwa kiangazi cha 1881. Mvua na baridi zilikuwa zimewafungia watu nyumbani. Mwana wa mkewe, Lloyd, kijana wa miaka 13, alikuwa akijifurahisha kwa rangi. Ikachorwa ramani ya kisiwa, na ramani ikazaa hadithi. Sura 15 zilitoka kwa siku 15, kisha kalamu ikakwama mwanzoni mwa sura ya 16. Gazeti la vijana, "Young Folks", lilianza kuichapa tarehe 1 Oktoba, na mwandishi hana mwisho! Uskoti ukamshinda tena, akaenda Davos kukaa majira ya baridi, na huko sura zilizosalia zikaja tena moja kila siku, hata zikatimia 34.

Mpaka huu baina ya Braemar na Davos wafaa kuangaliwa sana. Katika sura ya 13, merikebu itiapo nanga katika hori iliyozungukwa na miti na vinamasi, Daktari Livesey anainusa harufu ya majani yaliyooza, na kusema kwamba kama hazina ipo yeye hajui, ila homa ipo. Hayo yaliandikwa Braemar. Katika sura ya 30, iliyoandikwa Davos, daktari yule yule anawatibu maharamia waliolala penye kinamasi, na kuwakemea kwa kutoweza kupambanua hewa njema na hewa ya sumu. Na katika sura ya 33 yafunuliwa jambo ambalo msomaji mwepesi hulipita: daktari aliliacha boma, na ramani akampa Silver, ili watu wake wapate kuhamia kilimani salama, mbali na malaria, na kuilinda mali. Fumbo kubwa la hadithi nzima, yaani kwa nini ngome imeachwa bila vita, sehemu ya jawabu lake ni kubadili hewa. Aliyeliandika alikuwa mgonjwa aliyepandishwa mlimani, mita zipatazo 1,500 juu ya bahari, kwa sababu hiyo hiyo.

Neno malaria lenyewe asili yake ni Kiitalia, na maana yake ni hewa mbaya. Ronald Ross hakuonyesha kazi ya mbu mpaka mwaka wa 1897, miaka mitatu baada ya Stevenson kufa. Kwa hiyo Livesey amekosea chanzo, lakini shauri lake la kutolala kinamasini ni jema, na msomaji wa Kiswahili aliyekulia karibu na mikoko hahitaji kuelezwa sababu. Huenda hapa ndipo kitabu hiki cha ugenini kinapomkaribia kuliko penye bunduki na dhahabu.

Lakini hewa haiwapendi watu wote sawasawa. Ile ya Davos ilimfaa mume ikamdhuru mke: Fanny hakuweza kuvumilia kimo kile, na katika Aprili 1882 wakaondoka. Kila kituo kilikuwa na bei yake, na mara nyingi mlipaji alikuwa baba yake Stevenson. Kitabu kilipotolewa na Cassell mwaka wa 1883 mwandishi alipata pauni 100, fedha aliyoisherehekea sana.

Huko Hyères, katika 1884, alitokwa na damu nyingi, akakatazwa kusema; mkono wa kuume ulifungwa ubavuni, na kwa maradhi ya macho akawekwa gizani. Katika hali hiyo alitunga baadhi ya mashairi ya watoto yaliyotoka mwaka wa 1885 kwa jina la "A Child's Garden of Verses", akiandika kwa mkono wa kushoto juu ya karatasi kubwa zilizobanwa ubaoni. Ufupi wa mashairi yale husifiwa kuwa ni ustadi wa kuwajua watoto. Ndivyo; lakini yafaa kukumbuka pia kwamba shairi fupi laweza kushikwa kichwani na mtu asiyeona alichokiandika.

Hata Samoa, ambako hewa ilimpokea, sauti ilikatazwa tena mara nyingine. Mwaka wa 1893, damu ilipomtoka, alimsomea Isobel, binti wa mkewe, sehemu ya hadithi kwa alfabeti ya vidole itumiwayo na viziwi, herufi baada ya herufi, naye Isobel akiandika.