Tembo wa Afrika kwenye Sakafu ya Sicilia

Kilomita chache kutoka mji mdogo wa Piazza Armerina, katikati ya kisiwa cha Sicilia nchini Italia, barabara huteremka bondeni hadi kwenye magofu ya Villa Romana del Casale. Hili lilikuwa jumba la shamba la tajiri wa Kirumi, lililojengwa mwanzoni mwa karne ya 4. Anayekwenda akitarajia nguzo ndefu na kuta za fahari atavunjika moyo. Hapa mgeni hutembea ameinama, maana utajiri wote uko chini.

Sakafu zimepambwa kwa mozaiki: vijiwe vya rangi vilivyokatwa vidogo vidogo na kupangwa kimoja kimoja hadi vikawa picha. Zimeenea takriban mita za mraba 3,500. Hakuna anayezikanyaga. Wageni hupita kwenye vijia vilivyoinuliwa, wakichungulia chumba baada ya chumba kama mtu anayechungulia ua wa jirani.

Msongamano huwa kwenye ukumbi mwembamba wenye urefu wa zaidi ya mita 60, uitwao wa Mawindo Makuu. Mtu wa Afrika akifika hapo hahitaji kutajiwa wanyama majina. Simba, chui na swala wamo. Kifaru anakokotwa kwa kamba kutoka kwenye tope. Tembo anapandishwa melini, na wapagazi wamewakumbatia mbuni kifuani, wanapanda nao ubao wa meli kama mchuuzi apelekaye kuku sokoni. Mwisho wa safari hiyo ulikuwa viwanja vya michezo, ambako wanyama waliuawa mbele ya watazamaji wakishangilia.

Na si wanyama peke yao waliovuka bahari. Wataalamu wengi wanaamini mafundi nao walitoka Afrika Kaskazini, kwa kuwa kazi yao inafanana mno na sakafu zilizochimbuliwa Tunisia. Mwenye nyumba mwenyewe ndiye fumbo. Kuna waliomtaja Kaisari Maximianus, wengine wakapinga, na ubishi haujaisha.

Tope ndilo lililoiokoa nyumba hii. Katika karne ya 12 maporomoko ya udongo yaliifunika, na sehemu kubwa ikabaki imelala hivyo hadi wachimbaji walipoifukua miaka ya 1950. Mwaka 1997 UNESCO iliiweka kwenye orodha ya Urithi wa Dunia.

Picha inayopigwa sana kamera, hata hivyo, ni ya wasichana kumi wa mazoezi: wanakimbia, wanarusha kisahani, wanacheza mpira, na wengi wao wamevaa vipande viwili vya nguo ambavyo leo kila mtu angeviita bikini. Wengi hupiga picha wakaondoka. Anayebaki kidogo ataona kwamba kwenye pembe moja mozaiki imebanduka, na chini yake kuna sakafu nyingine ya zamani zaidi, yenye maumbo matupu ya kijiometri. Kuna aliyeagiza mapambo mapya yatandazwe juu ya yale ya kwanza.