Gari likigoma safari ya ugenini, kagua waya kabla ya kununua sensa

SAFARI ya mashabiki kutoka Dar es Salaam kwenda Mbeya kuifuata timu Uwanja wa Sokoine ni zaidi ya kilomita 800, na katikati kuna mlima wa Kitonga. Pale ndipo gari lenye shida linapoumbuka. Dereva anakanyaga mafuta, gari halivuti, linamisi, taa ya injini inawaka kwenye dashibodi, nyuma kuna foleni ya malori na mechi inaanza saa 10 jioni.

Shida ya namna hiyo inaweza kutoka kwenye pampu ya mafuta, plagi au filta. Lakini ipo nyingine inayowala watu hela nyingi: sensa ya throtoli.

Throtoli ni mlango wa hewa ya injini. Ukikanyaga mafuta, kipepeo chake kinafunguka. Kazi ya sensa ni kuiambia kontroboksi kimefunguka kiasi gani, ili injini ipewe petroli inayolingana na hewa. Taarifa ikifika vibaya, gari linapoteza nguvu au mngurumo unapanda na kushuka likiwa limesimama.

Fundi akichomeka mashine, anaweza kukuta namba P0122, yaani umeme wa taarifa uko chini mno, au P0123, uko juu mno. Hapo ndipo wengi wanapopigwa. Wanasikia neno sensa, wanakimbilia dukani, wanafunga mpya, halafu taa inawaka tena hata Chalinze hawajafika.

Namba hiyo haisemi sensa imekufa. Inasema njia nzima ina tatizo: sensa, soketi na waya. Ni kama kocha anayemtoa straika kwa sababu hajafunga, wakati dakika 60 zote hajapata pasi hata moja.

Pasi zenyewe hukaguliwa kwa testa ya kawaida ya namba. Kwenye magari mengi yenye kebo ya mafuta, sensa hii ina nyaya tatu. Soketi inachomolewa, funguo inawekwa 'on' bila kuwasha injini.

Waya wa kwanza unaleta umeme kutoka kontroboksi, unatakiwa usome karibu volti 5. Zisipokuwepo, sensa usiilaumu bado. Huenda waya umekatika, au sensa nyingine inayotumia laini hiyohiyo ina shoti. Zichomolewe moja moja. Volti 5 zikirudi, mchawi kapatikana.

Wa pili ni athi. Testa ikiwekwa kati yake na chanya ya betri, isome karibu sawa na betri, kwenye volti 12. Athi ikikatika, taarifa hupanda juu na P0123 inatokea.

Wa tatu ndio unaopeleka taarifa. Soketi inarudishwa na kipimo kinachukuliwa kwa nyuma yake. Kipepeo kikiwa kimefungwa, mara nyingi husoma kati ya volti 0.5 na 0.9. Kikifunguliwa polepole hadi mwisho, zipande taratibu mpaka zaidi ya 4. Zikikatika ghafla katikati wakati nyaya zimetulia, sensa imelika ndani, hiyo ibadilishwe. Zikirukaruka pale tu nyaya zinapotikiswa, ugonjwa uko kwenye waya au soketi, na kutu ya pini inaweza kusafishwa bila kununua chochote.

Kwa magari mapya yasiyo na kebo ya mafuta, mambo ni tofauti kidogo. Throtoli inafunguliwa na mota, ina sensa mbili na nyaya zaidi. Kidole kisiingizwe pale funguo ikiwa 'on', kipepeo kinaweza kukibana. Hiyo aachiwe fundi umeme anayeijua, ila swali la kumuuliza ni lilelile: umepima waya?

Nauli ya safari ni michango ya watu, na gari linalopoteza nguvu ghafla mlimani linaweka roho za watu rehani. Basi gari likaguliwe Alhamisi, si Jumamosi alfajiri watu wameshavaa jezi na vuvuzela ziko mkononi.