Dodge la Mzee: Kuuza Gari Kuukuu la Kimarekani Hapa Skärholmen

Wandugu, mada yangu safari hii ni magari, ila si yale ya mnada wa Japani tunayowaagizia kaka zetu nyumbani. Naongelea madude ya Kimarekani ya miaka ya 60 na 70, yenye injini ya silinda nane na boneti ndefu kama meza ya harusi. Utauliza mwanafunzi anayeishi kwa noodles na kubeba maboksi wikiendi anahusika vipi. Anahusika. Wazee wetu waliofika Sweden miaka ya 80 wengi sasa wamestaafu na wanataka kurudi nyumbani. Wakitaka kuuza mali zao, anayeitwa ni wewe: kijana unajua kompyuta, unajua Kiswidi kidogo, hebu njoo.

Mimi niliitwa mwaka huu na mzee mmoja wa Tanga anayekaa Skärholmen. Alikuwa fundi magari. Mwaka 1986 alinunua Dodge Charger R/T ya 1969 kwa kijana wa Kiswidi aliyekuwa anaoa. Tangu hapo gari limelala gereji kila majira ya baridi. Sasa mzee ana nyumba Tanga iliyoishia kwenye linta, na magoti hayamruhusu tena kukanyaga klachi. Dalali alishamgongea mlango na kumtajia bei ya mkweche. Kwa mzee, gari hilo ndiyo pensheni ya pili. Niliyojifunza nayaweka hapa ili yakusaidie siku ukiitwa.

KWA NINI WASWIDI WANAYAPENDA

Ukipita Sveavägen Ijumaa jioni wakati wa kiangazi utayaona yamepanga foleni, muziki juu. Tangu miaka ya 50 kuna vijana hapa wanaoitwa raggare, ambao maisha yao ni gari la Kimarekani, nywele za mafuta na rock'n'roll. Mkutano wao mkubwa, Power Big Meet, ulifanyika Västerås kwa miaka mingi na kujaza maelfu ya magari. Baadaye, dola iliposhuka hadi karibu kronor 6 mwaka 2008, Waswidi waliagiza mengine mengi kutoka Marekani.

Hata hapa kwetu historia ipo. Kungens Kurva, ng'ambo ya barabara ya E4 kwenye IKEA, maana yake ni "kona ya mfalme". Septemba 1946 gari la mfalme Gustaf V liliserereka hapo likaingia mtaroni. Lilikuwa Cadillac.

Magari yenyewe Wamarekani huyaita magari ya misuli: bodi ya wastani, injini kubwa, bei ambayo kijana wa kazi aliimudu. Wengi huanza kuhesabu kwenye Pontiac GTO ya 1964. Sherehe ikaisha haraka. Bima zikapanda, sheria ya hewa safi ya 1970 ikabana moshi, na Oktoba 1973 Waarabu wakafunga mafuta. Ndiyo maana yaliyotengenezwa ndani ya hiyo miaka kumi hivi yana bei, na ya baadaye mengi hayana.

KWA NINI USIMPELEKEE MJOMBA

Wa kwanza kusema "tulipakie kontena" huwa ni sisi wenyewe. Sahau. Kenya hairuhusu kuingiza gari lenye zaidi ya miaka 8, wala la usukani wa kushoto, isipokuwa ya kazi maalumu kama ambulensi. Uganda tangu 2018 imefunga mlango kwa yenye miaka 15 na zaidi. Tanzania utalipishwa ushuru wa uchakavu juu ya kodi nyingine. Ndugu zetu wa Bukavu na Bujumbura wanaendesha upande wa kulia, sawa, lakini nani atalijazia mafuta injini ya lita 7.2? Soko la gari hili liko hapa.

BEI INATOKA WAPI

Hapa nitakaa kidogo, maana ndipo wazee wanapopigwa changa la macho.

Gari la kawaida bei yake inatokana na umri na kilomita. Gari la aina hii bei inatokana na swali moja: je, ni lenyewe? Charger ya kawaida ya 1969 na Charger R/T zinafanana sana kwa macho. Mtu anaweza kununua ya kawaida, akabandika nembo, akaweka injini kubwa, akaiita R/T. Kwa hiyo mnunuzi makini haangalii nembo, anasoma namba.

Namba ya chasi ya Dodge ya mwaka huo ina herufi na tarakimu 13, na iko juu ya dashibodi, unaiona kupitia kioo cha mbele. Ya mzee inaanza XS29L9B. X ni Charger. S ndiyo inayosema R/T. Ingekuwa P ni ya kawaida. 29 ni bodi ya milango miwili. L ni injini ya inchi za ujazo 440, yaani hizo lita 7.2. Tarakimu 9 ni mwaka 1969, na B ni kiwanda cha Hamtramck, Michigan. Zinazobaki sita ni namba ya gari lenyewe.

Baada ya hapo unashuka chini. Sehemu ya namba hiyo imegongwa kwenye bloku ya injini, karibu na sampu ya oili, na kwenye gia boksi. Zikilingana, injini ni ile iliyotoka nayo kiwandani, na bei inabadilika kabisa. Chini ya boneti kuna kibati kidogo chenye kodi za rangi na vifaa. Na ukiinua kiti cha nyuma, mara nyingine utakuta kwenye springi zake karatasi iliyotumiwa na mafundi wa kiwandani wakati wa kuliunganisha. Ya mzee ipo, imekunjamana, panya wamekula pembe moja. Usiitupe ukidhani ni takataka! Karatasi kama hiyo ndiyo ushahidi.

Kisha rangi. Chukua kipimo cha unene wa rangi, fundi wa bodi yeyote anacho. Rangi ya kiwandani huwa kati ya maikroni 100 na 150 hivi. Ukikuta 300, gari limepakwa upya. Kipimo kikipaa hadi elfu na zaidi, hapo pana puti, na chini ya puti kwa kawaida pana kutu, kwa sababu ya chumvi wanayomwaga barabarani wakati wa theluji. Andika vipimo vyote kwenye mchoro wa gari, ikiwemo vile vibaya.

Ushauri wangu mwingine, na mafundi watanisamehe: usilikarabati kabla ya kuuza. Mzee alitaka kupiga msasa na kupaka rangi upya "livutie". Nikamwomba aache. Rangi mpya anaweza kuipaka yeyote wakati wowote, ila ile ya 1969 ikishaondoka hairudi. Osha, badilisha oili, weka betri nzima, jaza petroli ya 98. Ile ya 95 hapa Sweden tangu Agosti 2021 ina ethanoli hadi asilimia 10, na mipira ya zamani ya kabureta haiipendi.

TANGAZO NA MAJARIBIO

Tangaza mwezi wa nne au wa tano, theluji ikishaondoka, watu wakiwa na hamu ya kiangazi. Wengi hutumia Blocket, na kuna minada ya magari ya kale pia. Piga picha nyingi, pamoja na sehemu zenye kutu. Angalia maneno: Mswidi akisema "mil" anamaanisha kilomita 10, wakati maili ya Kimarekani ni kilomita 1.6. Tena mita ya zamani ina tarakimu tano tu, ikifika 99,999 inaanza upya. Andika "mita inasoma hivi", usiape kwamba ndiyo umbali wote.

Mteja akija kulijaribu, aonyeshe leseni na mzee akae naye ndani. Wewe usijitolee kuendesha. Leseni yetu ya Afrika Mashariki inakubalika hapa mwaka mmoja tu tangu ujiandikishe kuwa mkazi, baada ya hapo ni karatasi tu.

SHERIA NA KADI YA GARI

Mauziano ya mtu na mtu hapa yanaongozwa na sheria ya mauzo, Köplagen, ya 1990. Mnaweza kuandikiana kwamba gari linauzwa jinsi lilivyo, "i befintligt skick". Maneno hayo hayamkingi muuzaji aliyedanganya au aliyeficha kasoro anayoijua. Mnunuzi ana hadi miaka miwili ya kulalamika. Kwa hiyo ukweli kwenye tangazo ndiyo bima ya mzee.

Gari la miaka zaidi ya 30 halilipiwi kodi ya mwaka, na lenye zaidi ya 50 limesamehewa ukaguzi. Kadi ina sehemu mbili. Sehemu ya pili, ile ya njano, ndiyo ya kubadilisha umiliki, na mnaweza pia kufanya kwa simu kupitia Transportstyrelsen mkiwa na BankID. Muuzaji ahakikishe mwenyewe kwamba imetumwa. Jina likibaki lake, ada ya kuingia mjini Stockholm na faini za kuegesha zitaendelea kumjia. Kwenye mkataba andikeni tarehe NA saa.

Pesa kwanza, kadi na ufunguo baadaye. Fungueni akaunti ya mzee pamoja muone salio, siku ya kazi benki zikiwa wazi. Picha ya malipo kwenye simu ya mnunuzi si malipo. Hundi kataa. Mtu wa nje ya nchi anayetaka kulipa zaidi ya bei "umlipe msafirishaji" ni tapeli. Na yeyote anayekuomba ufungue BankID huku anaongea nawe kwenye simu, kata.

PESA ISIPITE KWAKO

Hili ni letu sisi wanafunzi. Mzee hana BankID, atasema "mwanangu, ziingie kwako tu". Mwambie kwa heshima kwamba haiwezekani. Laki kadhaa zikiingia ghafla kwenye akaunti ya mwanafunzi, benki itauliza, na inaweza kuifunga wakati maelezo yanatafutwa. Pia kuna kodi. Faida ya kuuza mali binafsi husamehewa hadi kronor 50,000 kwa mwaka; inayozidi hukatwa asilimia 30. Mtu asiye na risiti ya zamani anaruhusiwa kuhesabu asilimia 25 ya bei ya kuuzia kuwa ndiyo gharama yake. Mfano: ukiuza 400,000, gharama ni 100,000, faida 300,000, toa 50,000, kodi ni asilimia 30 ya 250,000, yaani 75,000. Mzee aitenge kabla hajaagiza bati. Zikipita kwako, Skatteverket atakuuliza wewe.

Basi, Dodge la mzee bado liko gereji, tangazo linatoka Aprili. Dalali alirudi wiki iliyopita. Mzee akamwonyesha karatasi ya vipimo na ile ya chini ya kiti, na dalali mwenyewe akaongeza bei papo hapo. Mzee akamwambia asubiri majira ya kuchipua kama wengine. Mwenye swali anitafute maktaba, meza za nyuma, karibu na printa.