Mshauri Mwema na Shauri la Kweli

Mwaka 2011 magari yaliyojaa wagonjwa yalipita katika njia panda yetu ya Msata, yakitoka Dar es Salaam kwenda kijiji cha Samunge, Loliondo. Huko, mchungaji mstaafu wa Kilutheri, Ambilikile Mwasapile, maarufu kama Babu, alitoa kikombe cha dawa ya mizizi kwa shilingi 500. Alisema Mungu alimwonyesha dawa hiyo katika ndoto, nayo yaponya UKIMWI, kisukari na saratani.

Walioenda hawakuwa wajinga. Walitumia vipimo tunavyotumia sote: habari imeletwa na ndugu au jirani, foleni ni ya kilomita nyingi, hata wakubwa wamekunywa. Zaidi ya yote, bei. Ni tapeli gani angeuza kwa shilingi 500?

Yoshua bin Sira, katika sura ya 37, anatuagiza tuchunguze kwanza mshauri anatafuta faida gani. Ni agizo jema, na kwa bei ile Babu hakuonekana mwenye tamaa. Lakini kipimo hicho hupima moyo wa mshauri, hakipimi dawa. Mtu mnyofu aweza kuamini kwa dhati jambo lisilo kweli, na unyofu wake ndio unaotufanya tusiulize zaidi. (Sisi mapadre tujihadhari hapa: neno letu kuhusu dawa husikika kana kwamba limetoka altareni.)

Swali lililohitajika lilikuwa jingine: aliyekunywa akiwa na VVU, akipimwa hospitali baada ya miezi sita, damu yake inaonyesha nini? Aliyerudi akisimulia nafuu ya siku tatu hakuwa mwongo, ila alisema mapema mno. Na wale waliofia foleni hawakurudi kusimulia. Wapo walioacha ARV, ilhali dawa hizo zikikatizwa virusi huongezeka tena mwilini.

Sira huyohuyo, sura ya 38, anamheshimu tabibu na kusema dawa zatoka kwa Mungu. Basi mwamini halazimiki kuchagua kati ya sala na kidonge. Dawa mpya ikitajwa katika jumuiya zetu ndogo ndogo, tuulize: nani amepimwa, kwa kipimo gani, baada ya muda gani? Majibu yakisubiriwa, mgonjwa aendelee na vidonge vyake. Aliyekwisha kuviacha arudi kituo cha afya wiki hii, asione haya.