Talaka ya Mahakama na Agano la Kanisa

Katika wilaya ya Kibiti na visiwa vya delta ya mto Rufiji, ambako wakazi aghalabu ni Waislamu na Wakristo ni wachache, ndoa ya Mkristo ikiingia dosari hupimwa kwa mizani ya majirani zake, ambao kwao talaka, ijapokuwa ni halali ichukizayo, ina mlango ujulikanao na eda yenye muda wake. Kwa sababu hiyo huzuka dhana mbili zenye madhara: mmoja hudhani kwamba hati ya mahakama imemfungua mbele ya madhabahu, na mwingine, mwenye majeraha mwilini, hudhani kwamba imani yake inamwamuru kukaa chini ya kipigo hadi mauti. Dhana zote mbili ni batili.

Sheria ya Ndoa ya 1971 inawahusu watu wa dini zote, na haimruhusu mtu kuomba talaka mahakamani, isipokuwa kwa sababu maalumu, kabla baraza la usuluhishi halijathibitisha kwamba limeshindwa kuwapatanisha. Mwanamke wa visiwani aliyekwisha kusikilizwa na baraza la kata yake husubiri maji yajae, mashua ipite katika vijito vya mikoko hadi Nyamisati, kisha ashike njia ya Kibiti, na cheti chake cha ndoa kimefungwa ndani ya mfuko wa plastiki kisilowe. Mahakama itatazama kama ndoa imevunjika kiasi cha kutorekebishika, na miongoni mwa dalili zake ni uzinzi, ukatili, na kutelekezwa kwa makusudi kwa muda usiopungua miaka 3.

Swali la Kanisa ni jingine. Bwana Yesu alipoulizwa na Mafarisayo habari za hati ya talaka, aliwarudisha nyuma ya ruhusa ya Musa, hata mwanzo wa uumbaji. Injili ya Marko haitaji udhuru wowote. Ya Mathayo inataja zinaa, na hapo ndipo wanazuoni walipoachana njia. Wakatoliki hufundisha kwamba ndoa ya wawili waliobatizwa, ikiisha kufungwa na kutimizwa, haivunjwi na mamlaka yoyote ila mauti. Ilhali Martin Luther, aliyeiheshimu ndoa pasipo kuihesabu kuwa sakramenti, alikubali kwamba uzinzi na kutelekezwa vyaweza kuikomesha, na aliyedhulumiwa akaoa au kuolewa tena. Mahakama ya Kanisa Katoliki, basi, haitoi talaka: huchunguza kama siku ile ya harusi palikuwa na ridhaa ya kweli, au palikuwa na shuruti, au hadaa iliyoificha aibu nzito. Mwaka 2015 Papa Fransisko alifupisha mwendo huo kwa kuondoa sharti la hukumu ya pili ya kuthibitisha ya kwanza.

Yuko pia yule aliyeoana na asiyeamini, ambaye alimshughulisha Mtume Paulo katika waraka wake wa kwanza kwa Wakorintho. Tangu miaka ya 2006 na 2007, wafugaji waliotoka Usangu wameingia Rufiji na mifugo yao, na miongoni mwao wamo waliooana kwa mahari ya ng'ombe kabla ya kubatizwa. Mke akibatizwa, na mume asiyebatizwa akakataa kukaa naye kwa amani, Kanisa Katoliki, likimfuata Paulo, laweza kumruhusu mke huyo kufunga ndoa mpya.

Lakini la kutangazwa kwanza ni hili: sheria ya Kanisa hilohilo lisilotambua talaka yampa aliye katika hatari ya mwili au ya roho haki ya kutengana na mwenziwe, na kutengana huko si dhambi wala si kuvunja agano. Mapadri, wachungaji na makatekista walifundishe jambo hili waziwazi katika mafunzo ya wachumba, kwa maana mafundisho yaliyowekwa kulinda ndoa yakigeuzwa silaha ya kumzuilia aliyeonewa, yamepotoshwa yakawa dhuluma.