Kikokotoo Hakijui Kilo Wala Ratili

Mpwa wangu anasomea urubani. Likizo iliyopita alikuja nyumbani na kikokotoo chake, akatuonyesha kinavyompa hesabu za safari kwa kubonyeza vitufe vichache. Bibi yake akamuuliza: "Na kikikosea je, mjukuu wangu, utateremkia wapi?" Tulicheka sote, lakini swali lile si la kuchekwa.

Kikokotoo cha kawaida hujumlisha na kuzidisha tu. Cha programu huhifadhi kanuni nzima. Unaiandika mara moja, kisha kila safari unatia tarakimu zako tu. Kampuni ya HP ilitoa HP-65 mwaka 1974, kikokotoo cha mkononi kilichohifadhi programu kwenye vikadi vya sumaku. Hesabu za upepo, muda na mafuta zikawa rahisi.

Chukua ndege ndogo kutoka Mombasa kwenda Manda, Lamu, karibu maili 130 za baharini. Tuseme mwendo wake ni maili 100 kwa saa na inakula lita 30 kwa saa. Hewa ikitulia, itafika kwa saa moja na dakika 18, kwa lita 39. Kaskazi ikivuma usoni kwa maili 20, mwendo unabaki 80. Safari inakuwa saa moja na dakika 38, na mafuta karibu lita 49. Nahodha yeyote wa jahazi anaielewa hesabu hii. Na bado rubani lazima aongeze akiba.

Lakini kikokotoo hujibu ulichokiuliza, si ulichokusudia. Tarehe 23 Julai 1983, ndege ya Air Canada aina ya Boeing 767 ilihitaji kilo 22,300 za mafuta. Geji zake zilikuwa mbovu, basi wakapima matangi kwa kijiti, wakapata lita 7,682. Wakazidisha kwa 1.77, jibu likawa 13,597, wakaziita kilo. Kumbe 1.77 ni uzito wa lita moja kwa ratili, yaani paundi. Kwa kilo, lita moja ni kama 0.8 tu, kwa hiyo ndani mlikuwa na kilo zipatazo 6,170. Ilihitajika kuongezwa lita elfu 20 hivi. Waliongeza chini ya elfu 5.

Mafuta yakaisha angani na injini zote mbili zikazima. Rubani Bob Pearson, aliyewahi kurusha ndege zisizo na injini, akaiteremsha Gimli, kwenye uwanja wa zamani wa jeshi la anga. Watu 69 walikuwa ndani na, alhamdulillahi, hakuna aliyekufa.

Tazameni vizuri: kuzidisha kwao kulikuwa sahihi kabisa. Kilichokosewa ni kipimo. Lau ile 1.77 ingeandikwa ndani ya programu, kikokotoo kingerudia kosa hilo kila safari, haraka na bila haya.

Kwa hiyo nilimwambia mpwa wangu asikitupe kikokotoo chake. Ila kabla ya kubonyeza, akadirie jibu kichwani. Kila tarakimu aiandikie kipimo chake: lita, kilo au ratili. Programu mpya aijaribu kwa safari ambayo jibu lake analijua tayari. Na mwenzake akimpa namba, amuulize ni ya nini. Kuuliza si ujinga, na angani hakuna pa kuegesha ukafikiri upya.