Kumsawiri Askari Mchawi katika Mchezo wa Kuigiza wa Mezani

Makala haya yanakusudia kueleza kanuni impasayo mchezaji anayebuni mwenyewe mhusika aliye askari na mchawi kwa wakati mmoja. Mfano unaotumika ni Dungeons & Dragons, mchezo uliotungwa na Gary Gygax na Dave Arneson na kutolewa Marekani mwaka 1974, hususan toleo lake la tano la mwaka 2014.

Katika toleo hilo nguvu hugawanywa kwa mizani. Mchawi halisi hufikia matabano ya kiwango cha 9. Paladin, apiganaye na kutabana, hukomea cha 5. Eldritch Knight, aliye askari hasa, hukomea cha 4. Daraja la 5 ndilo kipimo: hapo askari hupata pigo la pili katika zamu yake, na mchawi hupata matabano ya kiwango cha 3. Mbunifu ampaye mhusika mmoja vyote viwili katika daraja hilo huwageuza wenzake mezani kuwa watazamaji.

Aidha, kujumlisha stadi mbili hakutoshi, kwani kwa kawaida atabanaye hakosi kupoteza pigo la upanga. Yafaa stadi hizo ziunganishwe katika tendo moja lenye gharama. Paladin, kwa mfano, akishampiga adui, aweza kutumia sehemu ya akiba yake ya matabano ili kuongeza dadu 2 au zaidi za pande 8 katika madhara. Akiba ikiisha, hubaki na upanga tu. Ni upungufu huo, wala si wingi wa uwezo, unaompa mchezaji jambo la kuamua.